Kupima Kazi ya Mtaalamu kwa Hesabu ya Makala: Somo Kutokana na Kazi ya Frederick Sanger

1. Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya ualimu mwanachuo hufundishwa mapema kwamba kupima ni sehemu ya kufundisha. Hujifunza kutunga mtihani, kusahihisha, kujumlisha alama na kuwapanga wanafunzi kwa nafasi. Lakini lipo swali moja linalotangulia kazi hiyo yote, nalo ni nadra kuulizwa darasani: tarakimu hii niliyoiandika inahesabu kitu gani? Mwalimu asiyejiuliza swali hilo aweza kuhesabu kwa usahihi mkubwa na bado akamdhulumu mwanafunzi.

Makala hii inaeleza somo la vipindi viwili kwa wanachuo wa sayansi, ambalo shabaha yake ni kulifanya swali hilo liwe mazoea. Mfano uliochaguliwa ni wa mtaalamu wa biolojia ya molekuli, Mwingereza Frederick Sanger, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 2013. Mfano huu unafaa kwa sababu mbili. Kwanza, Sanger alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mara mbili, mwaka 1958 na mwaka 1980, kwa hiyo thamani ya kazi yake haina ubishi. Pili, orodha ya maandishi yake, ikisomwa kwa macho ya mhesabuji tu, ina miaka mirefu ambayo ingemfanya aonekane mtu asiyezalisha. Palipo na tofauti kubwa namna hiyo kati ya hesabu na kazi yenyewe, ndipo mwanachuo anapoweza kuona wazi kipimo kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

2. Sababu ya somo hili

Nitangulize kosa langu mwenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya ukufunzi wangu niliwapa wanachuo wa biolojia orodha ya majaribio kumi na mawili ya kufanya kwa muhula mmoja, nikaweka alama moja kwa kila jaribio lililokamilika. Wengi walikamilisha yote. Kijana mmoja alileta matatu tu. Nikampa alama tatu kati ya kumi na mbili, nikaandika pembeni kwamba hana bidii, na alama zikapelekwa zinakopelekwa.

Likizo ilipoingia nilipata nafasi ya kuyasoma madaftari kwa utulivu. Katika jaribio la kuthibitisha kwamba jani halitengenezi wanga bila mwanga, wenzake wote waliandika kwamba jani la mche uliofungiwa kabatini kwa siku moja halikugeuka rangi ya buluu iliyokoza lilipotiwa iodini. Ndivyo kitabu kilivyosema. Yeye aliandika kwamba jani lake liligeuka. Akarudia, likageuka tena. Akaziba nyufa za kabati kwa karatasi, likageuka kidogo. Mara ya sita akauacha mche gizani kwa siku mbili badala ya moja, na jani likabaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe. Akahitimisha kwamba wanga uliokuwamo ndani ya jani tangu awali ulikuwa haujakwisha kutumika. Kurasa kumi na nne za daftari lake zilikuwa za jaribio hilo moja.

Sikupata tena nafasi ya kuirekebisha alama ile. Mwaka uliofuata darasa zima lilitumia utaratibu wake wa siku mbili, nami nautumia hadi leo. Lakini katika kumbukumbu za chuo kijana yule amebaki kuwa mtu wa alama tatu. Nilikuwa nimehesabu majaribio, nikadhani nimepima bidii. Tangu hapo nimetafuta mfano mkubwa wa kosa hilo hilo, ambao wanachuo wataweza kuuchambua bila kumwonea haya mtu yeyote aliye karibu nao. Mfano huo nimeupata katika kazi ya Sanger.

3. Maarifa ya msingi kwa mkufunzi

(a) Makala na marejeo

Mtafiti wa sayansi hutangaza matokeo yake kwa kuyaandika katika majarida. Katika kila makala hutaja makala za watu wengine alizozitegemea, alizozisahihisha au alizozipinga. Kutajwa huko ndiko tunakokuita rejeo. Makala iliyotajwa na makala nyingine hamsini imepata marejeo hamsini.

Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza katika jarida la Science kwamba itungwe faharasa ya marejeo yote, ili mtafiti aliye na makala ya zamani mkononi aweze kujua ni nani walioitumia baadaye. Wazo hilo alilipata kwa wanasheria wa Marekani, waliokuwa na vitabu vya kuwaonyesha kama hukumu ya zamani ingali na nguvu au imekwisha kutenguliwa na mahakama nyingine. Faharasa ya Garfield ilianza kutolewa rasmi mwaka 1964. Mkufunzi asisitize jambo hili: chombo hiki kilibuniwa kwanza kwa ajili ya kutafuta maandishi. Kutumika kwake kuwapima watu, kuwapandisha vyeo na kuwagawia fedha za utafiti kulikuja kukua baadaye.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kinachoitwa h. Mtafiti mwenye h ya 10 ni yule aliye na makala 10 ambazo kila moja imepata marejeo yasiyopungua 10, wala hana 11 zilizopata 11 au zaidi. Kipimo hiki kilienea upesi kwa kuwa ni tarakimu moja tu na ni rahisi kuipata.

(b) Kazi ya Sanger

Sanger alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1943, kisha akaanza kuichunguza insulini, ile protini wanayodungwa wagonjwa wengi wa kisukari. Wakati ule haikujulikana kwa hakika kama protini ina mpangilio maalumu wa asidi amino au ni mchanganyiko usio na utaratibu. Mwaka 1945 alitangaza njia ya kuipa asidi amino ya mwanzo wa mnyororo alama ya rangi ya manjano, ili itambulike baada ya protini kuvunjwavunjwa. Kwa kuvunja insulini vipande vidogo, kuvitenganisha na kuviunganisha tena kwa fikra, yeye na Hans Tuppy walipata mwaka 1951 mpangilio wa mnyororo mrefu wa asidi amino 30. Mwaka 1953, pamoja na E. O. P. Thompson, alipata ule mfupi wa asidi amino 21. Mwaka 1955 vikajulikana vifungo vya salfa vinavyoiunganisha minyororo hiyo miwili. Kwa asidi amino 51 alizozipanga kwa muda wa miaka kumi na zaidi, dunia ilithibitishiwa kwamba kila protini ina mpangilio wake mahsusi. Hiyo ndiyo kazi iliyompatia tuzo ya mwaka 1958.

Mwaka 1962 alihamia Maabara ya Biolojia ya Molekuli iliyofunguliwa Cambridge. Huko akageukia asidi za kiini, yaani RNA na DNA. Mwaka 1967 kundi lake lilitangaza mpangilio wa RNA ndogo yenye nyukleotidi 120. Mwaka 1975 yeye na Alan Coulson walitangaza njia ya kwanza ya haraka ya kuisoma DNA. Mwaka 1977 ulitolewa mpangilio wa DNA ya kirusi kimoja cha bakteria, chenye herufi zaidi ya 5,300; na mwishoni mwa mwaka huo huo Sanger, Nicklen na Coulson wakatangaza njia iliyo bora zaidi, ya kusimamisha mnyororo. Mwaka 1980 Sanger na Walter Gilbert waligawana nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia, nusu ya pili akapewa Paul Berg. Mwaka 1981 ulitoka mpangilio wa DNA ya mitokondria ya binadamu, herufi 16,569. Na mwaka 1982 ule wa kirusi kiitwacho lamda, herufi 48,502. Mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 65, alistaafu akaenda kutunza bustani yake.

4. Utaratibu wa somo

Shabaha: Mwisho wa somo mwanachuo aweze (i) kueleza maana ya rejeo na ya kipimo cha h, (ii) kukokotoa vipimo vinne kutokana na orodha moja ya makala, (iii) kutoa sababu tatu za makala kurejelewa sana au kutorejelewa, na (iv) kuihakiki njia moja ya kupima wanafunzi anayoitumia yeye mwenyewe.

Zana: Ubao na chaki za rangi, vipande saba vya karatasi ngumu kwa kila kikundi, kibaba kimoja, na mafungu mawili ya mchele, moja limechambuliwa na jingine lina mawe na pumba.

Kipindi cha kwanza

Hatua ya 1. Mkufunzi apime kibaba cha mchele safi na kibaba cha mchele wenye mawe mbele ya darasa, kisha aulize ni upi ulio mwingi. Watajibu kwamba ni sawa. Aulize ni upi ambao mama yao angeuchukua sokoni. Hapo ndipo aeleze kwamba kibaba hakikudanganya. Kiliulizwa wingi, kikajibu wingi. Kosa litakuwa la mtu atakayekiuliza habari ya mawe.

Hatua ya 2. Aandike ubaoni orodha mbili zifuatazo, akieleza kuwa ni za kubuni kwa ajili ya zoezi. Mtafiti A ana makala sita, zilizopata marejeo 40, 9, 7, 6, 5 na 2. Mtafiti B ana makala nne, zilizopata marejeo 900, 300, 3 na 1. Wanachuo wakokotoe idadi ya makala, jumla ya marejeo, wastani wa kila makala, na kipimo cha h.

Majibu: A ana makala 6, marejeo 69, wastani wa 11.5, na h ya 5. B ana makala 4, marejeo 1,204, wastani wa 301, na h ya 3. Kwa vipimo viwili A yuko mbele. Kwa viwili B yuko mbele. Darasa liulizwe ni nani bora. Ubishi utakaotokea ni wa manufaa, na mkufunzi asiukatize upesi. Aongoze tu darasa lione kwamba kila kipimo kimebeba uamuzi ndani yake. Kipimo cha h, kwa mfano, hakiwezi kamwe kuzidi idadi ya makala. Kwa hiyo aandikaye machache amewekewa dari, hata kama moja katika hayo imebadilisha elimu nzima.

Hatua ya 3. Aandike ubaoni miaka ya kazi ya Sanger kama ilivyo katika sehemu ya 3(b), bila kutaja jina lake wala tuzo zake. Darasa lijifanye kuwa kamati ya kugawa fedha za utafiti, na mwaka ni 1966. Mbele yao yuko mtu ambaye kazi yake kubwa ya mwisho ilikamilika zaidi ya miaka kumi iliyopita. Je, apewe fedha au anyimwe? Kura zipigwe na kuandikwa ubaoni. Kisha mwaka uwe 1974, na kura zipigwe tena. Kipindi kiishie hapo, bila ya kutoa jibu. Wanachuo walale na uamuzi wao.

Kipindi cha pili

Hatua ya 4. Mkufunzi afichue jina. Aeleze kwamba mwaka 2014, baada ya kifo cha Sanger, mwenzake Sydney Brenner, ambaye naye alipata Tuzo ya Nobel, aliandika katika jarida la Science kwamba mtu wa namna hii asingeweza kudumu katika sayansi ya siku hizi. Brenner alionyesha pengo baina ya kazi ya insulini ya mwaka 1952 na makala ya kwanza ya mpangilio wa RNA ya mwaka 1967, kisha pengo jingine hadi mwaka 1977. Alihofu kwamba kamati ingemwita mtu asiyezalisha. Maneno hayo yasichukuliwe kuwa Sanger hakuandika chochote katika miaka hiyo. Maana yake ni kwamba hapakuwa na makala kubwa za kuionyesha kamati.

Hatua ya 5. Sasa darasa liulizwe ni nini kilichokuwa kikitendeka ndani ya mapengo yale. Tarakimu hizi ziandikwe kwa kufuatana: 51, 120, zaidi ya 5,300, 16,569, 48,502. Kutoka ya pili hadi ya tatu si hatua ya kawaida. Anayetumia njia ya zamani kwa kuongeza bidii hafiki huko. Hana budi kuiacha njia ile na kutafuta nyingine. Miaka ya kimya ilikuwa miaka ya kujaribu njia, nyingi zikishindwa. Sanger alifanya kazi kwa mikono yake mwenyewe maabarani hadi alipostaafu.

Hatua ya 6. Ili wanachuo waelewe kwa nini makala ya mwaka 1977 imerejelewa sana, waifanye njia yenyewe kwa karatasi. Kila kikundi kipewe neno la siri la herufi saba, kwa mfano GATCAGT, ambalo kikundi kingine hakilijui. Mnakili wa kwanza aandike nakala zinazokoma penye kila A: atapata GA na GATCA. Wa pili akome penye T: GAT na GATCAGT. Wa tatu penye C: GATC. Wa nne penye G: G na GATCAG. Nakala ziwekwe katika karatasi saba, kila moja ikionyesha urefu wake na herufi yake ya mwisho tu. Kikundi cha pili kizipange kuanzia fupi hadi ndefu, kisha kisome herufi za mwisho kwa kufuatana: G, A, T, C, A, G, T. Neno la siri limesomeka.

Katika maabara nakala hukomeshwa na nyukleotidi maalumu isiyoruhusu nyingine kuungana nayo, na vipande hutenganishwa kwa urefu kwa nguvu ya umeme ndani ya utando wa jeli. Mnyororo unaotengenezwa huwa ni shirika la ule unaosomwa, A ikikabiliana na T, na G na C. Jambo hilo laweza kuachwa hadi somo la baadaye. Muhimu ni kwamba darasa limeona urahisi wa wazo. Maabara yoyote yenye vifaa iliweza kuitumia njia hii kwa viumbe vyake yenyewe, nayo ilipoitumia iliitaja. Hata mradi wa kusoma jenomu ya binadamu, uliokamilishwa mwaka 2003 na kuhusu herufi zipatazo bilioni tatu, ulitegemea njia hii baada ya kuboreshwa na kuendeshwa kwa mashine.

Hatua ya 7. Mkufunzi aeleze matokeo ya hesabu iliyotolewa na jarida la Nature mwaka 2014, juu ya makala 100 zilizorejelewa kuliko zote katika faharasa kubwa ya sayansi. Ili kuingia katika orodha hiyo makala ilihitaji marejeo 12,119. Makala ya Sanger na wenzake ya mwaka 1977 ilikuwa ya nne, ikiwa na marejeo zaidi ya 65,000. Zilizoitangulia zote tatu zilikuwa za njia za maabara. Ya kwanza, yenye marejeo zaidi ya 305,000, ni ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, inayoeleza namna ya kupima kiasi cha protini katika mmumunyo kwa kuangalia ukali wa rangi ya buluu. Ya pili, ya Ulrich Laemmli ya mwaka 1970, inahusu kutenganisha protini katika jeli. Ya tatu, ya Marion Bradford ya mwaka 1976, ni njia nyingine ya kupima protini kwa rangi.

Makala ya Watson na Crick ya mwaka 1953 juu ya umbo la DNA, ambayo kila kitabu cha biolojia huitaja, haikuwamo kabisa katika zile mia moja.

Darasa litafute sababu. Majibu yanayotarajiwa ni haya. Apimaye protini huitaja njia aliyotumia kila mara anapoandika, na wapimaji wa protini ni wengi mno. Ama umbo la DNA limekuwa elimu ya wote. Aandikaye leo juu ya jeni haoni haja ya kumtaja aliyeligundua, kama vile sisi tusivyomtaja aliyegundua kwamba damu huzunguka mwilini. Kwa hiyo makala yaweza kurejelewa mara chache kwa kuwa haina faida, na yaweza kurejelewa mara chache kwa kuwa faida yake imekwisha kuenea kila mahali. Tarakimu haitenganishi hali hizo mbili. Lowry mwenyewe alikiri kwamba hakuiona makala yake kuwa kazi kubwa. Ilikuwa njia iliyofaa tu, na watu wengi waliihitaji.

Hatua ya 8. Muhtasari ubaoni. Rejeo huonyesha kwamba makala imetumiwa. Haliambii kama imetumiwa kwa kukubaliwa au kwa kupingwa; kama mwandishi amejitaja mwenyewe; wala kama fani ina watafiti elfu mia au mia moja. Tena faharasa hukusanya majarida yaliyochaguliwa, na mengi ni ya Kiingereza. Makala ya Kiswahili iliyosomwa na walimu mia tano na kubadilisha ufundishaji wao yaweza kuwa na marejeo sifuri katika faharasa hizo.

5. Tahadhari kwa mkufunzi

Yapo makosa mawili yanayotokea mara kwa mara katika somo hili.

La kwanza ni wanachuo kutoka darasani wakiamini kwamba aandikaye machache ndiye mwenye hekima. Hilo ni kosa lile lile lililogeuzwa. Wapo watafiti wengi walioandika sana na vizuri, na wapo walionyamaza kwa kuwa hawakuwa na la kusema. Kimya cha Sanger hakikuwa ushahidi wa ubora wake. Ushahidi ulikuwa katika kazi yenyewe: katika madaftari yake ya maabara na katika maoni ya wenzake walioielewa kazi hiyo na kuiona kila siku. Walioamua kuendelea kumpa maabara na fedha walikuwa watu walioweza kuisoma kazi yake. Hilo ndilo funzo. Si suala la machache au mengi, bali la kusoma.

La pili ni kuzidharau tarakimu kabisa. Mwanachuo mmoja aliwahi kuniambia kwamba basi tuache kuhesabu. Nilimjibu kwamba asiyehesabu hupima kwa upendeleo: kwa jina la ukoo, kwa urafiki, kwa ufasaha wa ulimi. Hesabu ina kazi ya kutuamsha tuulize maswali. Wanasayansi wenyewe wamelitambua hilo. Mwaka 2012 watu waliokutana San Francisco walitunga azimio, lililotangazwa mwaka 2013, kwamba wastani wa marejeo ya jarida usitumiwe kuipimia makala moja moja wala mtafiti mmoja mmoja, na kwamba yaliyomo katika kazi ndiyo yatangulie. Hawakusema kwamba hesabu zitupwe.

6. Matumizi katika kazi ya mwalimu

Somo halijakamilika mpaka limrudie mwanachuo mwenyewe. Hivi karibuni atakuwa na darasa la watoto hamsini au zaidi, naye atahesabu: hudhurio, mazoezi yaliyokusanywa, mikono iliyoinuliwa, kurasa za insha. Yeye pia atahesabiwa, kwa idadi ya wanafunzi wake waliofaulu. Ni vema ajue mapema kila hesabu inasema nini.

Nimeona kuwa taratibu tatu zinafaa, nazo hazihitaji fedha wala vifaa. Kwanza, kabla ya kutoa alama kwa wingi wa kazi, mwalimu aandike katika andalio lake sentensi moja: "Ninahesabu ... kwa sababu nataka kujua ..." Mara nyingi sehemu mbili za sentensi hiyo hazitalingana, naye ataliona hilo kabla ya mwanafunzi kuumia. Pili, kila muhula achague madaftari matano, yakiwamo ya wale wenye alama za chini kabisa, ayasome ukurasa kwa ukurasa bila kalamu nyekundu mkononi. Tatu, alama iliyotokana na hesabu isipelekwe popote mpaka kazi yenyewe imesomwa. Kama ningalifuata utaratibu huu wa tatu, nisingalikuwa na habari ya kueleza katika sehemu ya pili ya makala hii.

7. Mazoezi kwa wanachuo

(1) Mtafiti ana makala nane zilizopata marejeo 15, 12, 8, 6, 6, 4, 1 na 0. Kokotoa jumla, wastani na kipimo cha h. (Jibu: 52, 6.5, 5.)

(2) Makala yenye kosa kubwa yaweza kupata marejeo mengi. Eleze kwa nini.

(3) Rejea kura ulizopiga mwaka "1966" na "1974". Kama uliunyima utafiti ule fedha, ni habari gani zaidi ungeihitaji ili uamue vingine, na ungeipata kwa nani?

(4) Taja njia moja ya kuhesabu kazi za wanafunzi uliyoiona katika mazoezi yako ya kufundisha. Inahesabu nini? Inaacha nini? Pendekeza namna ya kukiona kile kinachoachwa.

8. Hitimisho

Mtu aliyetumia zaidi ya miaka kumi kuzipanga asidi amino 51 ndiye ambaye njia yake ya baadaye ilisaidia kusoma herufi bilioni tatu za jenomu ya binadamu. Katikati ya mambo hayo mawili ilikuwapo miaka ambayo mhesabuji asingeona kitu. Katika kila darasa letu huenda yumo mwanafunzi aliye katika miaka ya namna hiyo, na pia huenda yumo mvivu anayefanana naye kwa alama. Kuwatofautisha wawili hao ni kazi ya mwalimu, nayo haifanyiki kwa kujumlisha. Hufanyika kwa kulifungua daftari na kulisoma.